Binti wa kidato cha pili anataka kuangalia The Queen's Gambit. Inamfaa? Na chesi ya mle ni ya kweli?

MamaShangani (Mtwara)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua chesi na walioiangalia The Queen's Gambit mpaka mwisho.

Binti ana miaka 15. Drafti anawafunga kaka zake wote, sasa amehamia chesi kwenye simu na tamthilia hii anaiomba kila siku. Kinachonisitisha ni kwamba nasikia ina vidonge na ulevi. Je, inamfaa wa umri huo? Kisa chenyewe ni cha kweli? Chesi inayochezwa mle ni chesi, au watu wanasogeza tu kete mbele ya kamera? Na kwa bando la simu itanimalizia GB ngapi?

Kete64 (Lindi)

Mama Shangani, salaam. Mruhusu, ila kaa naye, na ubao wa chesi uwe mezani wakati mnaangalia. Bila ubao ataona nguo nzuri na hoteli za Marekani, chesi yenyewe itampita.

Kisa ni cha kubuni. Beth Harmon hakuwahi kuwepo duniani. Ametoka kwenye riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1983. Tamthilia ilitoka Oktoba 2020, sehemu saba, hakuna msimu wa pili. Yatima wa Kentucky, miaka ya 1950, anafundishwa chesi na mfanya usafi wa kituo cha yatima, chini kwenye chumba cha boila. Anapanda mpaka kukutana na Warusi Moscow mwaka 1968. Yaliyobaki ayaone mwenyewe.

Chesi ni ya kweli, na hapo ndipo tamthilia hii inapozishinda nyingine zote za mchezo huu. Washauri walikuwa Garry Kasparov, bingwa wa dunia kuanzia 1985 hadi 2000, na mwalimu wa Marekani Bruce Pandolfini. Simamisha picha popote pale, panga kete ubaoni kama zilivyo, utakuta ni mchezo wenye akili. Pambano la mwisho limejengwa juu ya mchezo uliochezwa kweli na Ivanchuk na Wolff kule Biel, Uswisi, mwaka 1993. Wale wawili walitoka sare. Kwenye tamthilia njia imebadilishwa ili apatikane mshindi.

Mahali pa kwanza pa kusimamisha ni sehemu ya kwanza, mzee Shaibel anapomfunga mtoto kwa hatua chache. Kila anayeanza hufungwa hivi, kwa hiyo mpangie binti kete na mlifanye taratibu. Kila mraba una jina la herufi na namba: herufi a mpaka h kutoka kushoto kwa Nyeupe, namba 1 mpaka 8 kutoka kwake kwenda kwa Nyeusi. Nyeupe anasogeza kitunda (kete ndogo ya mstari wa mbele) e4, Nyeusi anajibu e5. Malkia mweupe anatoka mpaka h5. Nyeusi anatoa farasi c6 kulinda kitunda chake cha e5. Nyeupe anamleta askofu c4. Sasa malkia na askofu wote wawili wanaitazama f7, na f7 haina mlinzi mwingine ila mfalme. Nyeusi asiyejua anatoa farasi f6 akidhani anamfukuza malkia, malkia anakula f7, kwisha: mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu yupo nyuma yake. Dawa yake ni ndogo. Badala ya farasi f6, Nyeusi asogeze kitunda g6. Malkia atarudi f3 kutishia palepale f7, na sasa farasi f6 ndiyo hatua sahihi, kwa kuwa anaziba njia. Kuanzia hapo malkia mweupe amezurura bure na Nyeusi yuko vizuri.

Jina la tamthilia nalo limfafanulie. Watu hudhani malkia anatolewa kafara, kumbe kinachotolewa ni kitunda cha upande wa malkia. Nyeupe d4, Nyeusi d5, Nyeupe c4. Kitunda cha c4 kipo wazi, Nyeusi anaweza kukila. Tatizo ni kwamba hawezi kukishika, na anayeng'ang'ania anaumia hivi: Nyeusi anakula c4, Nyeupe anasogeza e3. Nyeusi anasogeza b5 ili kukilinda kitunda alichokula. Nyeupe a4, anaupiga ule mnyororo wa vitunda. Nyeusi c6 kuushikilia. Nyeupe anakula b5, Nyeusi anarudisha kwa kula b5. Ndipo malkia mweupe anakwenda f3, na mbele yake kuna njia nyeupe tupu mpaka ngome ya a8. Nyeusi akiziba kwa farasi, farasi analiwa. Akiziba kwa askofu, askofu analiwa. Asipoziba, ngome inakwenda. Binti aicheze mara tatu kwa mikono yake mwenyewe. Akishaelewa kwa nini b5 ni kosa, ameijua nusu ya maana ya ufunguzi huu.

Makosa ya tamthilia ni machache. Wanacheza haraka mno. Kwenye mashindano makubwa ya enzi hizo mchezaji alikuwa na kama saa mbili na nusu kwa hatua 40 za kwanza, na muda mwingi mtu ameinama tu, kimya. Kamera haiwezi kuvumilia hilo. Na wachezaji wanasemeshana katikati ya mchezo, jambo ambalo mwamuzi angelikemea.

Kitu kimoja ambacho vijana wa chesi ya simu hawatakielewa ni bahasha. Zamani mchezo ukizidi muda uliahirishwa mpaka kesho yake. Mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri kwenye karatasi, ikafungwa ndani ya bahasha, mwamuzi akakaa nayo. Usiku kila upande ulikesha ukichambua, na Warusi walikaa kama timu nzima. Usipomweleza hilo mapema, sehemu ya mwisho hataiona uzito wake, maana hataelewa kwa nini usiku ule simu ina thamani kuliko kete.

FundiBando (Mtwara)

Kuhusu GB. Sehemu zote saba ni kama saa sita na nusu. Kwenye programu ya Netflix ya simu, ingia mipangilio, matumizi ya data, chagua kuokoa data: hapo GB moja inakwenda kama saa sita. Kwa hiyo tamthilia nzima ni kama GB moja na kidogo. Ukiacha kwenye otomatiki ni kama GB moja kwa saa nne, jumla GB moja na nusu hadi mbili. Kosa linalomaliza watu bando ni kuacha kwenye kiwango cha juu kabisa, au kurusha kwenye runinga kwa hotspoti ya simu kwa picha ya HD. Hapo GB tatu kwa saa zinakwenda, na tamthilia hii peke yake itafika GB 20 bila wewe kujua.

Njia salama ni kupakua. Chagua ubora wa kawaida, pakua sehemu mbili mbili kwa bando la usiku, mkiangalia mnafuta. Ukipakua zote saba kwa mpigo kwenye simu yenye nafasi ndogo itagoma katikati na kuacha faili nusu. Na umeme ukikatika jioni, kilichopakuliwa kinaendelea kuchezeka, cha mtandaoni kinategemea mnara.

Zile za kuunganishiwa kwenye flashi siwashauri. Mbali na kwamba ni za wizi, nyingi hazina maandishi ya chini, na humu kuna mazungumzo ya Kirusi ambayo bila maandishi utayakosa. Na zile zilizotiwa sauti ya mtafsiri zinaua tamthilia kabisa, kwa sababu mapambano yake yamejengwa juu ya ukimya na sauti ya kete ikigusa ubao.

NesiWaKusini (Lindi)

Mama Shangani, swali lako la vidonge ndilo kubwa kuliko la chesi, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kwenye kituo kile watoto wanapewa kila siku vidonge vya kijani vya kuwatuliza. Jina la dawa ni la kubuni, lakini aina yake ipo: ni jamii ya benzodiazepini, ambayo ya kwanza iliingia sokoni Marekani mwaka 1960, na diazepamu ni ndugu yake. Beth anavificha, anavimeza usiku kwa wingi, kisha anaona kete za chesi zikitembea darini. Hapo kijana anaweza kudhani vidonge ndivyo vinavyompa kipaji. Mwambie mapema, kabla hajafika hapo, kwamba dawa hizi zinafanya kinyume chake. Zinapunguza kasi ya kufikiri, zinaharibu uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, zinaleta usingizi. Anayehesabu hatua tano mbele ndiye wa kwanza kuumia.

Mwili unazizoea ndani ya wiki chache, dozi ileile inaanza kuonekana haitoshi. Aliyezoea akiacha ghafla anaweza kupata mtetemeko, kukosa usingizi, hata degedege. Kuacha kunafanywa kwa kupunguza kidogo kidogo chini ya daktari. Na zikichanganywa na pombe, zote mbili zinashusha upumuaji, mtu analala asiamke. Tamthilia inauonyesha mchanganyiko huo kwa picha za kupendeza mno kwa maoni yangu, muziki na dansi sebuleni, na hilo ndilo lawama yangu kwake. Ila fuatilia mpaka mwisho: inajibu yenyewe swali la kama anahitaji vidonge ili kuona ubao. Kijana aliyeachia njiani atabaki na nusu mbaya ya kisa, kwa hiyo mkianza, malizeni.

Mengine ya kujua ili usishtukizwe. Sehemu ya kwanza ina ajali ya gari, na polepole inafahamika kwamba mama mzazi aliikusudia. Kama nyumbani kuna msiba wa namna hiyo, subiri. Mwisho wa sehemu hiyohiyo mtoto anazidisha vidonge na kuanguka. Sehemu ya pili anavunja ungo katikati ya mashindano, hana wa kumwambia ila msichana mgeni kabisa. Ni mahali pazuri pa mama na binti kuzungumza. Sehemu ya nne inaanza na sherehe ya vijana, bangi na mambo ya kitandani, hayaonyeshwi waziwazi lakini yanaeleweka. Sehemu ya tano na ya sita yanarudi kidogo. Ulevi mzito upo kwenye sita. Netflix wenyewe Marekani wameiweka kwenye kundi la watu wazima. Kwa miaka 15 na mzazi pembeni, naona inawezekana. Kwa wa miaka 11 au 12, hapana.

KimbiNaNyumba (Mikindani)

Naunga mkono aangalie, lakini asiishie hapo, na kuna jambo moja lazima alisikie kwa sababu tamthilia imelikosea.

Sehemu ya mwisho mtangazaji anamtaja Nona Gaprindashvili kwamba ni bingwa wa wanawake ambaye hajawahi kucheza na wanaume. Uongo. Nona ni mwanamke wa Georgia, bingwa wa dunia wa wanawake kuanzia 1962 hadi 1978, na kufikia mwaka 1968 alikuwa ameshakaa mbele ya wanaume kwa makumi. Mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta, cha juu kabisa kwenye chesi. Aliwashtaki Netflix mwaka 2021 akidai dola milioni tano, na mwaka 2022 wakamalizana nje ya mahakama. Inauma kwamba kwenye tamthilia ya kumwinua mwanamke wa kubuni, mwanamke wa kweli aliyefanya hayohayo alifutwa kwa sentensi moja.

Kisha mpe Judit Polgár wa Hungaria: grandimasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na miezi minne, yaani umri wa binti yako. Mwaka 2002 alimfunga Kasparov, huyohuyo mshauri wa tamthilia, kwenye mchezo wa muda mfupi Moscow. Michezo yake ipo mtandaoni bure na inachezeka ubaoni hatua kwa hatua. Kwa mtoto anayependa kushambulia, ni shule.

Na kama utaona hii ni nzito, anza na Queen of Katwe, filamu ya 2016. Hiyo ni kisa cha kweli: Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi, na mwalimu wake Robert Katende. Saa mbili, haina cha kuruka, mnakaa familia nzima mpaka bibi. Mazingira ni yetu, hamna haja ya kumweleza Kentucky iko wapi.

Jambo la mwisho ni kwa watoto wa huku kusini. Anayecheza bao amezoea kuhesabu kete zinavyozunguka na wapi zitalala kabla hajazigusa. Huko ndiko kule kuona darini. Usimwambie aache bao ili ajue chesi.

MwlMasasi (Masasi)

Naomba nidandie hapahapa. Tunataka kuwaonyesha wasichana wa klabu ya shule, kama 30, kwa projekta ukumbini. Na klabu ina ubao mmoja tu wa chesi. Tunafanyaje?

FundiBando (Mtwara)

Mwalimu, akaunti ya Netflix ni ya matumizi ya nyumbani. Kuonyesha ukumbini kwa kundi hakuruhusiwi bila kibali, hata kama hutozi kiingilio. Kibali cha elimu wanatoa kwa baadhi ya filamu zao za makala (dokumentari) tu, na hii si makala. Juu ya hapo umesoma maelezo ya nesi: wazazi 30 watakuuliza maswali 30.

Kete64 (Lindi)

Mwalimu, chukua chesi ya mle ndani, tamthilia iache majumbani. Ule mchezo wa hatua nne na ule mtego wa c4 nilioandika juu vinatosha vipindi viwili.

Mbao usinunue. Ubao wa drafti wa miraba 64 ndio huohuo wa chesi, na mtaani imejaa. Kama huna, chukua boksi gumu, chora miraba ya sentimita 4, upande mzima unakuwa sentimita 32. Kizibo cha soda kina upana wa kama sentimita 3.2, kinakaa bila kugusana na jirani. Kila ubao unataka vizibo 32. Timu moja vikae mgongo juu, nyingine tumbo juu, kama kwenye drafti, kisha bandika plasta na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: M mfalme, Q malkia, N ngome, A askofu, F farasi, vitunda viache vitupu. Malkia nimempa Q makusudi, maana M mbili zitawachanganya wakati wa haraka. Kosa la kawaida ni kuandika juu ya kizibo chenyewe bila plasta: jasho la mikono linafuta ndani ya wiki, joto letu unalijua.

Kwa simu chache zilizopo, tumia Lichess, programu ya kuchezea chesi. Ni bure, haina matangazo, inakula data kidogo sana.

Zoezi la darini bila vidonge ni hili, dakika kumi kabla ya kila kipindi. Wafumbe macho. Taja mraba, wao waseme ni mweusi au mweupe. Herufi igeuze namba, a ni 1 mpaka h ni 8, ijumlishe na namba ya mraba: ikitoka shufwa ni mweusi, witiri ni mweupe. Mraba a1 jumla 2, mweusi. Mraba h1 jumla 9, mweupe. Wakizoea, wamtoe farasi a1 mpaka h8 kichwani kwa hatua sita, njia moja ni b3, c5, e6, f4, g6, h8. Anayeweza hiyo bila kufumbua macho ameanza kuona ubao.

MamaShangani (Mtwara)

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Tumekubaliana: Queen of Katwe kwanza, halafu The Queen's Gambit sehemu moja kila Jumamosi, mimi nikiwepo.

Swali moja dogo. Tumepanga kete kwenye ubao wa drafti wa kaka zake, lakini malkia wawili hawatazamani. Wangu yuko mbele ya mfalme wake. Kwenye simu wanatazamana. Nani amekosea?

Kete64 (Lindi)

Nyote wawili mmemweka malkia kushoto kwa mfalme, ndilo kosa. Hiyo ni sahihi kwa Nyeupe peke yake. Kwa Nyeusi malkia anakaa kulia. Kanuni isiyodanganya ni rangi: malkia mweupe juu ya mraba mweupe, malkia mweusi juu ya mraba mweusi.

Lakini kabla ya hapo geuzeni ubao kwanza. Kila mchezaji, kona ya mkono wake wa kulia iwe mraba mweupe. Wa drafti huuweka upande wowote wanaotaka, na ukiwa umekaa vibaya hata kanuni ya rangi itamweka malkia pasipo pake: mtatazamana vizuri, ila mfalme na malkia watakuwa wamebadilishana nafasi, na hatua za mtego wa c4 hazitakubali. Mkishapanga, hesabu kwa Nyeupe kutoka kushoto: ngome, farasi, askofu, malkia, mfalme, askofu, farasi, ngome. Nyeusi ampange kila mmoja uso kwa uso na mwenzake.